Pangani ya bibi yangu, mji uliopitwa na reli

Nahodha mgeni hakuingia Pangani kichwakichwa. Mto unapokutana na bahari pana fungu la mchanga, na chombo kizito kilitia nanga nje kikisubiri maji yajae. Fungu hilo, pamoja na reli waliyoijenga Wajerumani kuanzia Tanga, ndivyo vilivyoifanya Pangani iwe kama nilivyoikuta nilipopelekwa likizo mwanzoni mwa miaka ya 1980: mji wa magorofa ya kale yenye mapaa yanayovuja, na wazee wanaosimulia utajiri ambao hata wao waliusikia tu.

Huko ndiko kwao bibi yangu, mzaa mama. Basi la kutoka Tanga lilipita Machui, Kigombe na Mwera, minazi huku, mikonge kule, vumbi kila mahali. Machui ndiko alikozikwa Shaaban Robert, na kati ya 1926 na 1944, alipokuwa karani wa forodha, Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mimi wakati huo sikuwa na habari na washairi. Nilijua tu kwamba tukishapita Mwera, akina mama wataanza kukusanya makapu yao.

"Mume wangu, umekonda! Huko kwenu hawakulishi?" Ndivyo bibi alivyoniitikia shikamoo. Haukupita muda nikawa nimeketishwa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Nazi ikatiwa maji, ikakamuliwa kwenye kifumbu. Tui zito likafunikwa kando, jepesi likatangulia chunguni na samaki, chicha wakamwagiwa kuku. Wali wa siku hiyo ulikuwa wa sherehe. Chai ndiyo tuliyokunywa bila sukari, maana sukari miaka ile ilikuwa ya foleni, na siku nyingine foleni ilikwisha bila sukari kuonekana.

Kukosa sukari Pangani ni kichekesho cha historia. Katika karne ya 19 kingo za mto huu zilijaa mashamba ya miwa, na sukari yake ikisafirishwa hadi Unguja na ng'ambo ya bahari. Mji huohuo ulikuwa mlango wa misafara ya kwenda Usambara, Kilimanjaro na Umasaini kufuata pembe za ndovu. Burton na Speke walipita hapo 1857, wakapanda hadi Fuga kwa mfalme Kimweri. Lakini miwa ile ilikatwa na watumwa, na sehemu hiyo ya hadithi wazee wa barazani waliipita mbiombio, kana kwamba mashamba yalijilima yenyewe.

Walichokisimulia bila haraka ni vita. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliwakodisha Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki ukanda wa pwani kwa miaka 50. Agosti wakaja kupandisha bendera yao. Aliyetumwa Pangani aliitwa Emil von Zelewski, mtu wa ubabe, asiyekuwa na subira na liwali wala majumbe. Inasimuliwa kwamba, katika siku zilezile za Idi ya kuchinja, aliingia msikitini na mbwa. Mji ukawaka. Hata Lloyd Mathews, kamanda Mwingereza wa jeshi la Sultani, alipokuja Septemba kutuliza mambo, alifanikiwa kuwatoa Wajerumani wale na kuwapeleka Unguja, kisha naye akatimuliwa.

Uongozi ukashikwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, na vita vikaenea pwani yote. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akavitungia utenzi unaosomwa hadi leo. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Pangani ikaangukia mikononi mwake Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Zelewski naye hakuzeeka. Agosti 1891 aliuawa na Wahehe pale Lugalo, akiwa mkuu wa kikosi kilichotumwa kumwadhibu mtawala wao, Mkwawa.

Wengi hudhani vita ndivyo vilivyouua mji. Sioni hivyo. Baada ya Abushiri, Pangani ilipata bahati ambayo miji mingine ingeililia: mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, na 62 iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutoka miche hiyo likaota zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Faida ikaenda Tanga. Reli ilianza kujengwa kutoka huko mwaka uleule wa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Nani tena angebebesha wapagazi mizigo hadi Pangani, kisha asubiri maji yajae?

Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye roshani za mbao na maduka chini, zilibaki zimesimama. Sheria ya kutaifisha majengo ya 1971 ilipokuja, baadhi ya wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine. Nilipozunguka huko na mjomba, milango mingi ilikuwa na kufuli zenye kutu.

Mjomba huyohuyo alinionyesha baharini mahali pa Maziwe. Utotoni mwa mama kilikuwa kisiwa cha mivinje, kasa wakipanda kutaga. Mimi nilioneshwa mchanga mtupu, na maji yakijaa hata huo hauonekani.

Kwa miaka mingi kuvuka mto kwenda Bweni, upande wa pili, kulikuwa kwa pantoni au mtumbwi, na bibi akituonya tusichezee ukingoni kwa sababu ya mamba. Sasa linakuja daraja la mita 525, katika barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Kilichokosekana tangu reli ipite kwingine kitapatikana, na wanunuzi wa viwanja nao watafika. Magorofa ya mtaa wa mbele hayatastahimili yote mawili, mvua na wanunuzi. Halmashauri iyaorodheshe mapema na kuyaezeka yale yanayoweza kuokolewa. Na wewe mwenye bibi au babu Pangani, nenda ukamuulize nyumba ipi ilikuwa ya nani, uandike. Bibi yangu alizijua zote, na mimi nilimwandikia mbili tu.