Mbwa wa Kuazima

Maonyesho ya mbwa yalianza kama mashindano ya damu. Damu kwa maana ya ukoo: nani alizaa nani, na cheti kiko wapi. Kennel Club ya London iliundwa mwaka 1873. Westminster ya New York ikaanza maonyesho yake 1877. Halafu 1891 jamaa mmoja aitwaye Charles Cruft, ambaye biashara aliijulia kwenye kuuza biskuti za mbwa, akafungua maonyesho yaliyobeba jina lake katika ukumbi wa Royal Agricultural Hall, mtaa wa Islington. Kote huko mwamuzi alipima mbwa: meno, mabega, mkia, mwendo. Mtu aliyeshika kamba alikuwa kama msumari unaoshikilia picha ukutani. Lazima uwepo, lakini nani huutazama?

Na mara nyingi huyo mshika kamba hakuwa mwenye mbwa. Matajiri walikuwa na pesa za kununua mbwa wa ukoo, ila kukimbia naye ulingoni ni kazi nyingine kabisa, kwa hivyo waliajiri watu. Mmoja wa hao waajiriwa, Mmarekani Leonard Brumby, ndiye aliyeleta wazo ambalo kwangu mimi ni la kijanja sana: tuwape watoto kamba, halafu tumpime mtoto. Mbwa tumwache. Mashindano ya kwanza ya aina hiyo yalifanyika 1932 kwenye maonyesho ya Westbury, Long Island, uchumi wa Marekani ukiwa umelala chali. Miaka miwili baadaye Westminster nayo ikafungulia watoto ulingo. Jina tunalolisikia leo, Junior Showmanship, lilikuja 1951. Lakini American Kennel Club, chama kinachoandika sheria za mchezo huko, kilisubiri hadi 1971 kuutambua rasmi. Karibu miaka 40! Wakubwa hawakuwa na haraka na jambo la watoto.

Sasa mtoto anapimwa nini? Hebu fikiria uko ulingoni. Mwamuzi anakuambia utembee na mbwa kwa umbo la pembetatu, au uende moja kwa moja na kurudi. Unamsimamisha, unampanga miguu, unamfungua mdomo meno yaonekane, bila kumtisha. Kuna sheria moja ambayo kila mtoto hufundishwa mapema: usisimame katikati ya mbwa na mwamuzi. Inaonekana rahisi, si ndiyo? Basi mwamuzi mjanja anahamia upande wa pili ghafla, kisha anarudi, na wewe inabidi uhame pia, ubadilishe mkono wa kamba, na mbwa asijue kuna kitu kimebadilika. Ukifanya vizuri hakuna anayekuona. Huo ndio utani wa mchezo huu: unapewa kikombe kwa kutoonekana.

Lakini swali la pesa halikuondoka kwa sababu tu kamba imeingia mikononi mwa mtoto. Kwa muda mrefu sheria ya Marekani ilitaka mbwa awe wa mtoto mwenyewe au wa mtu wa familia yake. Nia yake ni nzuri, mtoto ajue mnyama anayemlea. Ila nyumba yenye mbwa aliyekwisha kufundishwa na mtaalamu inamtuma mtoto ulingoni nusu ya kazi ikiwa imefanywa. Unapima mkono wa mtoto, au mfuko wa baba?

Ndiyo maana navutiwa zaidi na fainali ya kimataifa ya vijana pale Crufts, Birmingham, ambako mabingwa wa nchi mbalimbali hukutana. Uingereza ilikuwa na sheria kali ya kichaa cha mbwa: tangu mwishoni mwa karne ya 19 mbwa anayeingia kutoka ng'ambo alifungiwa karantini, na kwa miaka mingi muda wenyewe ulikuwa miezi sita. Nani angemleta mbwa wake kwa dakika chache za ulingoni? Hivyo wageni wakaazima mbwa wa Waingereza. Bingwa wa nchi nzima anashuka kwenye ndege, anapewa kamba, na upande wa pili wa kamba kuna mnyama ambaye hajawahi kumnusa. Hapo hakuna mfuko wa baba. Ni mkono, sauti, na muda mfupi wa kuzoeana.

Karantini hiyo ililegezwa mwaka 2000, na mbwa wa nchi nyingi wakaanza kusafiri kwa pasipoti na chanjo. Kuazima hakukuisha, maana nauli ya mbwa si mchezo, hata kwa Wazungu.

Kwa mtoto wa Nairobi ni lazima zaidi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Uingereza kirahisi, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kinaua watu wetu. Mpango wa taifa wa 2014 uliweka lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030. Kwa sasa mbwa wa hapa hupigwa chanjo, hungoja siku 30, hutolewa damu ipimwe maabara, kisha husubiri miezi mitatu tangu damu itolewe. Mtoto mwenyewe akipata viza, mbwa wake atabaki nyumbani akilinda geti.