Upakuaji wa Vifuko: Amri ya Kalsiamu Ndani ya Seli

Meli inayokuja Dar es Salaam hutia nanga nje kwanza, ikisubiri zamu. Baadaye rubani huiingiza bandarini, ikafunga gati. Hata hapo makuli hawagusi shehena mpaka kibali kitoke. Wanabaiolojia wa Ulaya na Marekani nao husema kifuko cha seli "kimefunga gati", kwa hiyo lugha ya bandari wameshaitumia kabla yetu.

Ndani ya ncha ya neva mna vifuko vyenye kipenyo cha takriban nanomita 40, vimejaa kemikali ya kupeleka ujumbe. Vingi ni akiba. Vichache vimekwisha kushika utando wa seli, vinangoja. Vinangoja kalsiamu. Ioni zake ni nyingi nje ya seli kuliko ndani kwa karibu mara 10,000, na seli hutumia nishati kuhakikisha hali inabaki hivyo. Msisimko wa umeme ukifika, milango ya kalsiamu hufunguka, ioni huingia kwa kishindo na kushikana na protini iitwayo sinaptotagmini. Utando wa kifuko huungana na wa seli, kemikali ikamwagika nje. Tangu kalsiamu iingie, haipiti hata milisekunde moja. Bernard Katz na Ricardo Miledi, wakiwa London, walilithibitisha jukumu hili la kalsiamu miaka ya 1960. Thomas Südhof, aliyeichunguza sana sinaptotagmini, alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Nobel ya tiba mwaka 2013.

Tendo lenyewe huitwa eksositosisi, neno la kigeni lililovishwa irabu tu. Tafsiri inayokuja upesi ni "utoaji wa vifuko", nami siikubali: kifuko hakitoki. Kinachotoka ni kilichomo, na utando wake hurudishwa ndani kutumika tena. Kiswahili kina pakia na pakua. Chombo kikipakuliwa, mzigo ndio unaoondoka. Basi na tuseme "upakuaji wa vifuko". Mfano wa bandari una kikomo, bila shaka, maana hakuna gati linalomeza meli. Na kifuko tusikiite "lengelenge"; neno hilo tuwaachie wauguzi, wanaolihitaji kwa ngozi iliyoungua.

Hao wauguzi wanaujua upakuaji huu kwa vitendo. Mama mwenye kifafa cha mimba hudungwa magnesiamu salfeti. Magnesiamu hushindana na kalsiamu kwenye milango ya neva. Ikizidi mwilini, vifuko havipakuliwi vya kutosha, misuli hulegea na pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana kabla ya dozi inayofuata muuguzi hugonga goti la mama: mguu usiporuka, dozi husitishwa. Magnesiamu ikigeuka sumu, dawa yake ni kalsiamu glukoneti ya kwenye mshipa, yaani kibali kinarudishwa gatini. Kongosho nalo hupakua insulini kwa amri hiyohiyo ya kalsiamu, sukari inapopanda.

Sekondari zetu hufundisha baiolojia kwa Kiingereza, lakini mwalimu akitaka aeleweke hurudi kwenye Kiswahili. Walimu, jaribuni "upakuaji wa vifuko" hapo darasani. Na BAKITA, lililoundwa mwaka 1967 kusimamia lugha hii, lilipime neno hili na kulitolea uamuzi.