Virusi kwa sokwe na tumbili: hufuatiliwaje?

Msikilizaji wa Akheri na miteremko ya Meru, tumbili unawajua. Kwa maumbile wako karibu nasi, ndiyo maana baadhi ya virusi huvuka kutoka kwao kuja kwetu, na kutoka kwetu kwenda kwao.

Mwaka 1947, virusi vya Zika viligunduliwa Uganda katika damu ya kima aliyewekwa kizimbani msituni ili kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1966, sokwe kadhaa wa Gombe, Kigoma, walipooza na wengine kufa kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa polio.

Hufuatiliwaje bila kumkamata mnyama? Gombe, watafiti huwafuata sokwe wanaowajua mmoja mmoja, huandika nani anakohoa au kudhoofika, kisha huokota kinyesi na kukipima maabara. Hivyo ndivyo walivyofuatilia SIV, virusi vya ukoo mmoja na VVU. Utafiti wa 2009 ulionyesha kuwa sokwe wenye SIV wana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule.

Wewe ufanye nini?

- Ukikuta tumbili, mbega au nyani amekufa, usimguse, usimle, usimpe mbwa. Zuia watoto.
- Kumbuka mahali na siku, kisha mwarifu mtendaji wa kijiji au ofisa wanyamapori.
- Aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo.