Zijue ramani za hewa na mafuta ndani ya kontroli boksi ya Subaru

Kuna mshkaji wangu, tulikaa naye dawati moja kidato cha nne, ana Impreza WRX. Alitoa bomba la kiwandani la kuingizia hewa, akaweka pana lenye eya klina ya koni. Gari likawa linavuma vizuri ile mbaya. Haikupita muda pistoni moja ikapasuka. Fundi wa kwanza akalaumu oili, wa pili akalaumu petroli, wa tatu akasema dereva ana mguu mzito. Hakuna hata mmoja aliyefungua laptopu akaangalia namba. Ndio maana leo nimeona tuongelee hii kitu taratibu, maana mtaani "kuseti chipu" imegeuzwa kuwa uchawi, na injini ya mtu ni hela ndefu.

Kwanza mjue kwamba kontroli boksi haifikirii. Ina majedwali ya namba, mafundi wanayaita ramani. Inasoma sensa, inakwenda kwenye jedwali, inachukua namba, halafu inaamua nozeli ifunguke muda gani na plagi irushe cheche lini. Basi.

Kwenye Subaru nyingi za tabo jedwali mama ni la sensa ya hewa, ile inayoitwa MAF. Inakaa kwenye bomba baada ya eya klina. Ndani ina kijiwaya kinachopashwa moto na umeme, hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudishia joto ndio unaoonyesha hewa imepita kiasi gani. Lakini sensa yenyewe inatoa volti tu, kati ya 0 na 5. Jedwali ndilo linalosema volti kadhaa ni gramu kadhaa za hewa kwa sekunde. Na lilipigiwa hesabu kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukiweka bomba pana, hewa ile ile inapita polepole mbele ya sensa, na kontroli boksi inadanganyika kwamba hewa ni kidogo.

Tupige hesabu. Injini iko mzunguko 4000 kwa dakika, hewa inayoingia kweli ni gramu 110 kwa sekunde, lakini jedwali linasoma 100. Ramani ya mafuta inataka uwiano wa 11, yaani gramu 11 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kontroli boksi inagawa 100 kwa 11, inamwaga gramu 9.1 hivi. Ukweli ni kwamba 110 kwa 9.1 ni uwiano wa 12.1. Mafuta yamepungua wakati tabo inasukuma, na joto ndani ya silinda linapanda.

Hapo wengi wanaishia. Kuna la pili ambalo ndilo linaua. Hewa hiyo hiyo inatumika kupata mzigo wa injini, yaani gramu kwa kila mzunguko mmoja. Gramu 110 mara 60 gawa kwa 4000 ni 1.65, ila kontroli boksi inaona 1.5. Inakwenda kwenye jedwali la taimingi, inachagua kisanduku cha mzigo mdogo, na mara nyingi kisanduku hicho kinarusha cheche mapema zaidi. Kwa hiyo mafuta machache NA cheche ya mapema kwa wakati mmoja. Petroli inalipuka kabla ya zamu yake, injini inagonga, ringi na pistoni zinapokea nyundo.

Halafu ongeza hili: WRX zilizouzwa Japani ziliwekewa ramani za petroli ya kwao ya bei ya juu, yenye oktani kama 100. Ya vituo vyetu vingi iko chini ya hapo. Gari linashuka bandarini tayari halina nafasi ya kukosea.

Sasa dawa. Programu mbili za bure zinatumika sana kwa Subaru: EcuFlash ya kusomea na kuandikia kontroli boksi, na RomRaider (zamani ikiitwa Enginuity) ya kufungulia majedwali na kurekodi sensa gari likitembea. Waya unaotumika sana ni Openport wa Tactrix. Impreza nyingi za miaka ya 2000 zinasomeka, za zamani zaidi hakikisha kwanza.

Unahitaji pia sensa ya oksijeni ya waidibendi, inayofungwa kwenye ekzosi. Ile ya kawaida inajua vizuri karibu na 14.7 tu, ukikanyaga ni kama kipofu. Bila waidibendi unabahatisha, na mtu akikwambia anaseti kwa kusikiliza mlio, ondoka na funguo zako. Ukipima 12.1 mahali ulipoomba 11, unagawa, unapata 1.10, basi safu ile ya volti kwenye jedwali la MAF unaizidisha kwa 1.10. Usikimbilie kuongeza mafuta kwenye ramani ya mafuta! Uwiano utakaa sawa, lakini mzigo utabaki wa uongo na taimingi itabaki mbovu. Mimi nadhani ndiko fundi wengi wanakopotelea, maana kipimo kinaonyesha vizuri wakati injini bado inagonga.

Kwenye rekodi angalia pia masahihisho ya kugonga. Juu ya bloku kuna sensa inayosikiliza, ikisikia mlipuko wa mapema kontroli boksi inachelewesha cheche. Ukiona inachelewesha mara kwa mara, shusha mguu, usirudie kujaribu.

Betri iwe imejaa wakati wa kuandika. Umeme ukikatika katikati, boksi inaweza kubaki tofali. Na faili la gari la mtu mwingine ulilodaunlodi usiliandike kwako. Namba ya programu ya boksi lazima ifanane, na hata ikifanana, bomba lake na petroli yake si zako.

Kama huna gari usijali, faili la boksi linafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye Java, hata ya kafe kama mwenye kafe anaruhusu kuweka programu. Anza na jedwali la MAF. Mshkaji wangu alifungua la kwake akiwa tayari anatafuta bloku ya mtumba, na lilikuwa bado la kiwandani, halijaguswa hata safu moja.