Kivuli cha Kulisogelea Jua

Wiki ya pili ya Oktoba, kama dakika kumi baada ya saa sita mchana, nguzo ya umeme pale Tandika, Dar es Salaam, hukosa kivuli. Jua liko utosini. Hali hiyo hurudi mwanzoni mwa Machi, na mwenye meza ya nyanya hahitaji kalenda kuitambua: kivuli chote alichonacho kimejikusanya chini ya mwavuli wake.

Nalitaja hilo kwa sababu historia ya kulichunguza jua, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kutafuta kivuli. Taji la jua, ule mwanga hafifu unaolizunguka, macho hayalioni mpaka mwezi uje uzibe jua lenyewe. Tarehe 16 Februari 1980 tulibahatika: kivuli cha mwezi kilikatiza Tanzania na Kenya, kikaingia Bahari ya Hindi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa tena, safari hii kipete. Watu walifurika Rujewa, mkoani Mbeya, baada ya kuelimishwa na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria. Sisi wa Dar tulipata kipande tu. Nakumbuka gereji moja ya Temeke, watu wamepanga foleni kupokezana kioo cha fundi wa kuchomelea, mwenyewe akikidai akamalizie geti la mteja. Hata huko Rujewa taji halikuonekana; mwezi ulikuwa mbali kidogo, ukabakiza pete kali.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo imewahi kurusha chombo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani iliondoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Lakini ilitumwa kupima eksirei za nyota za mbali, si jua letu.

Kulisogelea jua kulianza kweli na vyombo vya Helios, vya Ujerumani Magharibi na Marekani. Helios 2 ilifika umbali wa kilomita milioni 43 mwezi Aprili 1976, na rekodi hiyo ikadumu zaidi ya miaka 40. Wengi hudhani kwenda juani ni kujiachia tu uporomoke. Sivyo. Dunia hulizunguka jua kwa kilomita 107,000 hivi kwa saa, na chombo kinachotoka hapa huondoka na mwendo huohuo. Kisipoupunguza kitaendelea kuzunguka kama sisi. Ndiyo maana Parker, chombo cha Marekani kilichorushwa 12 Agosti 2018, kilipita karibu na Zuhura mara saba ili kishikwe breki.

Kimepewa jina la Eugene Parker, aliyeandika mwaka 1958 kwamba jua huvuma upepo wa chembechembe bila kukoma. Wahakiki wawili waliikataa makala yake. Mhariri, Chandrasekhar, akaichapa. Miaka minne baadaye chombo kilichokuwa safarini kwenda Zuhura kiliukuta upepo huo.

Aprili 2021 Parker kiliingia ndani ya taji lenyewe. Joto la huko hupita nyuzi milioni moja, ila chembe zake ni chache mno: mkono huvumilia kidogo hewa ya tanuri la mikate, hauvumilii maji ya ugali yanayochemka. Kinachokiunguza zaidi ni mwanga wa jua, na dawa yake ni kivuli cha kubeba mwenyewe. Ni ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4 na uzito wa kilo 73, karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji, uso wake umepakwa rangi nyeupe. Mbele imeundwa kuhimili nyuzi karibu 1,400. Nyuma yake ni 30 hivi, yaani Januari ya Dar bila feni.

Tarehe 24 Desemba 2024 Parker kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka juani, kikikimbia kilomita 692,000 kwa saa. Ni Dar hadi Morogoro kwa sekunde moja. Siku hizo kilikuwa kimya, hakuna aliyejua kama kimepona. Mlio wake ulipokelewa Marekani usiku wa tarehe 26, karibu saa sita. Kinondoni, hapa Dar, ilishakuwa saa mbili asubuhi ya tarehe 27, na watu walishaanza kutembea upande wa barabara wenye kivuli.