Ford Pinto: Kisa Tunachofundishwa Nusu

Juzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa biashara kuhusu uvumbuzi wenye uwajibikaji katika kampuni. Mimi ni mwandishi wa programu, si mhadhiri, kwa hiyo nilijitayarisha kwa kusoma kisa kinachofundishwa sana kwenye madarasa ya namna hiyo: gari la Ford Pinto. Nilidhani nakijua. Kumbe nilijua nusu tu.

Kwa ufupi ni hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Ford ya Marekani ilitaka gari dogo la kushindana na Volkswagen na magari ya Kijapani. Lee Iacocca, mmoja wa wakubwa wake, aliagiza lisizidi ratili 2,000 wala dola 2,000. Lilitengenezwa mbiombio, likaingia sokoni mwaka 1970. Tangi la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli, na gari likigongwa kwa nyuma lingeweza kupasuka na kushika moto. Watu waliungua, wengine wakafa. Mwaka 1978 ndipo Ford ilipowaita wenye magari milioni 1.5 wayarudishe yarekebishwe.

Darasani kisa hiki huishia kwenye waraka wa Ford wa mwaka 1973. Hesabu yake: kurekebisha kila gari ni dola 11, jumla dola milioni 137. Faida ya kuokoa watu 180, kila uhai dola 200,000, pamoja na majeruhi na magari: dola milioni 49.5. Wanafunzi wanakasirika, kipindi kinaisha, kila mtu anakwenda nyumbani akijua kwamba wabaya ni wale wakubwa wenye kikokotoo.

Lakini waraka ule ulihusu magari yanayopinduka, si yanayogongwa kwa nyuma. Ulihesabu magari ya kampuni zote, si Pinto peke yake. Tena uliandikwa ili kupinga kanuni iliyopendekezwa na serikali, na bei ile ya uhai ilitokana na takwimu za serikali yenyewe.

Sasa msikilize Dennis Gioia. Kijana huyu aliajiriwa na Ford mwaka 1972, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kusimamia kurudishwa kwa magari yenye kasoro. Ripoti za Pinto zilimfikia mezani. Aliona kwa macho yake Pinto iliyoteketea. Hata hivyo, suala lilipopigiwa kura, naye alipiga kura magari yasirudishwe. Hakuwa na roho mbaya. Yeye mwenyewe aliendesha Pinto! Baadaye akawa profesa wa usimamizi Marekani, akawa anawafundisha wanafunzi wa biashara kisa hikihiki. Mwaka 1992 aliandika makala akikiri yote.

Maelezo yake yalinigusa kwa sababu alitumia neno la fani yangu: skripti. Akili yake ilikuwa na utaratibu uliokwisha kuandikwa: je, ajali ni nyingi? Je, chanzo kimethibitika? Kama sivyo, faili linalofuata. Swali la kama ni haki kuwaacha watu waendelee kuendesha gari lile halikuwemo. Na skripti, wasomaji wangu, haisimami kwa sharti ambalo hukuliandika.

Nilipofika hapo nilifunga tarakilishi. Miaka michache iliyopita niliandika sehemu ya programu ya kukopesha kwa simu iliyonakili nambari zote kwenye simu ya mkopaji. Nilihakikisha inafanya kazi haraka na haili bando. Orodha yangu ya majaribio ilikuwa ndefu, na yote yalifaulu. Baadaye nambari zile zilitumiwa kuwapigia mama wakwe na waajiri, kuwaaibisha waliochelewa kulipa. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna hata aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa hiyo sikuwaambia wale wanafunzi wawe watu wazuri. Gioia alikuwa mtu mzuri. Niliwaomba waongeze mstari mmoja kwenye orodha ya kazi, kabla ya bidhaa kutoka: nani ataumia hiki kikifanya kazi sawasawa? Na apewe mtu mwenye jina, mwenye mamlaka ya kusema bado.

Mimi wangu nimeshauandika. Je, wewe orodha yako inasemaje?