Kesi Huisha Kabla Ianze

Wasee, mimi ni wa Wabera, hapa Isiolo mjini, na kwa miaka nilidhani Wabera ni jina tu la wadi. Kumbe ni mtu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC Mwafrika wa kwanza hapa. Alipigwa risasi akafa Juni 1963.

Halafu zikaja vita vya Shifta. Waborana wa hapa huita wakati ule Gaafa Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu walifungiwa kambini Garba Tula na Merti, mifugo ikaisha, familia zikabaki mikono mitupu.

Nilikuwa najiuliza, mbona hawakwenda korti? Nilidhani ni woga tu. Lakini mwaka 1970 Bunge lilipitisha Indemnity Act, sheria ya kuwakinga maafisa na wanajeshi. Yale waliyofanya kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, huko Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, hayangeshtakiwa ikiwa yalifanywa kwa nia njema ya kulinda usalama. Yaani mlango ulifungwa kabla shahidi wa kwanza afungue mdomo.

Sasa linganisha na wazee wa Mau Mau. Walishtaki Uingereza kule London, na serikali ile ikasema wamechelewa mno. Hoja hiyo iliamuliwa kwanza, kabla ya kesi yenyewe. Oktoba 2012 jaji akaruhusu wazee watatu waendelee. Mwaka uliofuata Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu zaidi ya 5,200. Kesi kamili haikusikizwa. Vita vilikuwa vya tarehe, na walivishinda.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia deadline ni mambo ya mawakili. Kenya leo, ukiumizwa na uzembe wa mtu una miaka 3 ya kushtaki. Mkataba ukivunjwa, 6. Shamba, 12. Aliyekuumiza akiwa serikali? Miezi 12 pekee. Na ukishtakiwa wewe, usiweke samansi chini ya godoro: ukishajitokeza kortini kwa maandishi, una siku 14 za kuleta utetezi. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikizwa.

Babu zetu walifungiwa mlango na Bunge. Sisi tusijifungie wenyewe kwa kusema "nitaenda kesho".